Mwili wa Treni na Kazi Yake

Soko la Kisekka, kando ya barabara ya Nakivubo jijini Kampala, lina falsafa yake ingawa hakuna anayeiita hivyo. Gari likifika pale halifi, linavuliwa. Taa inaondoka na teksi, giaboksi inapakiwa kwenye pikapu, mlango unaning'inia ukimsubiri aliyepata ajali. Fundi hukigeuza kipuri mkononi, hufuta grisi kwa kidole gumba na kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba ndiyo ukoo anaoutaka. Gari halipo tena, kazi yake ingali barabarani.

Makumbusho hufanya kinyume: umbo hubaki, kazi husimama.

Wapenzi wa garimoshi la mvuke hawajasumbuliwa sana na tofauti hiyo. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kuna namba 5918, Mount Gelai, kichwa cha treni cha aina ya Garratt kilichoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, chenye uzito wa tani 250 hivi. Mtoto wa shule akikizunguka ataona moto ulikowashwa, maji yalikokaa na pistoni iliyosukuma magurudumu. Umbo linaisimulia kazi, na chuma kikilika huchongwa kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kichwa hicho kilifufuliwa kikatembea tena.

Treni nyepesi za leo hazisomeki hivyo. Kwa nje ni sanduku la vioo na viti. Akili imo kwenye kompyuta zinazoamuru mota, breki na milango. Kadi moja ya umeme ikiungua na kiwanda kimeacha kuitengeneza, hakuna nyundo ya kusaidia. Addis Ababa ilianza na treni 41 mwaka 2015. Haikupita miaka kumi, nyingi zikawa zimelala yadi kwa kukosa vipuri. Ikiwa jiji lenye abiria wanaongoja kituoni limeshindwa kuziendesha, makumbusho yenye mlinzi na mkata tiketi yatazitunzaje?

Wapo watakaosema basi, zikatwe ziuzwe skrepa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba hata kilichoshindwa ni ushahidi. Treni nyepesi za Boeing, zilizoanza kazi Boston mwaka 1976, zilijulikana zaidi kwa milango iliyogoma kuliko kwa safari zake, na bado moja imewekwa katika makumbusho ya Seashore Trolley huko Maine. Anayeitazama anajifunza jambo ambalo garimoshi lililong'arishwa halimfundishi.

Turudi Kampala: Nakivubo ina mfano mwingine, mgumu zaidi. Uwanja wake wa mpira ulifunguliwa mwaka 1926, ukaanza kubomolewa 2017, ukafunguliwa upya 2024. Kuta ni mpya, na shabiki bado anasema anakwenda Nakivubo. Uwanja umeokolewa na jina, mahali na watu wanaokusanyika. (Wanahistoria wa majengo watanuna, na wana haki.) Treni iliyotolewa relini haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo haiwezi kupoteza mwili ikabaki yenyewe.

Basi makumbusho yanahitaji kuazima busara ya Kisekka: anayetaka kuhifadhi treni moja ya kisasa ahifadhi mbili, moja ya kutazamwa na moja ya kuvuliwa, pamoja na programu, michoro na fundi anayezijua. Reli nyepesi ya Kampala imebaki kwenye mipango, kwa hiyo zamu ni ya Nairobi, iliyonunua treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika kisiwani Mallorca, zikaanza kubeba abiria mwaka 2020. Stesheni Kuu haiko mbali na makumbusho. Shirika la Reli la Kenya litie alama treni mbili kati ya hizo sasa, wakati bado ni za kawaida kiasi kwamba hakuna anayezipiga picha.