Kupima na Kushuku

Ndugu msomaji, mtu akimhukumu mwenzake kwa ushahidi ulioonekana kuwa mzuri, kisha ikabainika kwamba mwenzake hakuwa na kosa, je, yeye aliyehukumu ana hatia? Wengi wetu twajibu upesi kwamba hana, maana hakukusudia ubaya, amekosea tu. Nami nilikuwa mmoja wa hao, mpaka pikapu yangu ilipoanza kukataa kuwaka asubuhi.

Pikapu hiyo ni kuukuu. Nilipostaafu ualimu niliitumia kuchukulia machungwa kutoka Muheza hadi sokoni Tanga. Safari za Tanga niliendesha mwenyewe. Kazi za hapa mjini alizifanya kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, niliyemwajiri kuwa dereva. Yeye alipeleka saruji, akarudisha maiti na wafiwa, akachukua magunia ya mahindi mashineni. Kwa siku moja huenda alizima na kuwasha gari mara ishirini.

Basi ikawa asubuhi nyingine tukiwasha gari halilii. Betri haina moto. Twaita watu, twasukuma, lawaka. Siku mbili laenda vizuri, siku ya tatu twasukuma tena. Nikaanza kuhesabu siku. Nikaona kwamba nikienda Tanga mimi, kesho yake gari huwaka bila taabu, lakini akishinda nalo kijana, kesho yake hulisukuma. Ushahidi gani tena nilikuwa nautaka? Nikamwambia, "Wewe huacha taa zikiwaka, au wasikiliza redio usiku." Akakana. Akaniambia pia, si mara moja bali mara mbili, kwamba akiendesha usiku huona ile taa ndogo nyekundu ya betri ikiwaka kwa mbali sana, kama kaa la moto linalokaribia kuzimika. Nilidhani anatafuta pa kutokea. Mchana mimi sikuiona taa hiyo.

Nikapeleka gari gereji moja. Hawakupima kitu, wakaniambia ninunue betri mpya. Nikanunua, na fedha yake nikaikata katika mshahara wa kijana kwa miezi mitatu. Tena nikalisema jambo hilo barazani, mbele ya wazee, pamoja na mjomba wake. Betri mpya ilifaa siku tisa. Siku ya kumi tukasukuma. Hapo nikamwachisha kazi.

Nikaanza kuendesha mwenyewe, hata zile safari za mjini. Juma halikwisha, gari likalala. Sasa hapakuwa na kijana wa kulaumiwa.

Ndipo nikaenda kwa fundi mzee wa umeme wa magari, anayefanya kazi chini ya mwembe. Nikamweleza yote, na habari za kijana nisiziache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwalimu, ulipima au ulishuku?" Sikuwa na jibu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alizima kila kitu, akafunga milango ili taa ya ndani isiwake, kisha akaufungua waya wa hasi wa betri na kuiweka mita yake kati ya waya ule na betri, ili umeme wowote unaotoka hauna budi kupitia katika mita. Gari la zamani kama langu, likiwa limezimwa, yapasa litumie karibu na sifuri. Hata magari ya siku hizi yenye kompyuta, yakishatulia, hayapaswi kuzidi sana sehemu 5 katika 100 za ampea moja. Mita ilionyesha ampea moja na nusu. Gari lilikuwa limelala, nalo lilikuwa likila.

Fundi akasema, "Sasa tujue ni nani anayekula." Akachomoa fyuzi ya kwanza, akatazama mita, akairudisha. Akachomoa ya pili, akairudisha. Alikwenda hivyo mpaka ya mwisho, na mita haikusogea. Nilidhani ameshindwa, lakini yeye alifurahi. Taa zote hazina kosa, redio haina kosa, honi haina kosa. Kila fyuzi iliyochomolewa bila mita kushuka ilikuwa imemtoa mshtakiwa mmoja kifungoni.

Ikabaki njia isiyopita katika fyuzi, yaani ule waya mnene uendao kwenye alternata. Nikamwambia asijisumbue, maana alternata yachaji, nami niliona mita ikipanda karibu volti 14 injini ikinguruma. Hakubishana nami. Kwa tahadhari alitenga betri kwanza, akaufungua ule waya mnene na kuuzungushia utepe, kisha akarudisha mita. Sifuri.

Akanieleza kwamba alternata hufanya umeme unaogeukageuka, na ndani yake mna vipande viitwavyo dayodi, vinavyofanya kazi kama mlango wa njia moja: umeme watoka kwenda kwenye betri, wala haurudi. Dayodi moja ilikuwa imeharibika, na mlango ukabaki wazi. Mchana alternata iliijaza betri, ingawa si kwa nguvu zake zote, usiku iliinyonya. Na ile taa nyekundu iwakayo kwa mbali gizani ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo. Kijana alikuwa ameniambia kweli tupu, na alikuwa ameniambia mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekitafuta katika nguo ya mwenzangu.

Lakini kwa nini gari lililala baada ya safari zake, lisilale baada ya zangu? Fundi alichukua kijiti akapiga hesabu mchangani. Betri ni ya ampea-saa 60. Tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, ampea moja na nusu zamaliza ampea-saa 18. Ikilala imejaa, kama itokavyo Tanga, zabaki 42, na gari lawaka. Ikilala na 30 tu, baada ya kuzima na kuwasha mchana kutwa, zabaki 12, na stata haizunguki. Hesabu yangu ya siku ilikuwa sahihi kabisa. Nilichokosea ni kile nilichokisoma katika hesabu hiyo. Nilisoma tabia ya mtu mahali palipoandikwa urefu wa safari.

Sasa narudi katika swali letu. Je, nilikuwa na hatia, au nilikosea tu? Nimeliwaza sana, na jibu langu ni hili. Kushuku kwenyewe hakukuwa hatia. Hata fundi alishuku; alizishuku fyuzi zote, moja baada ya moja. Asiyeshuku hawezi kutafuta. Tofauti yetu ni kwamba kwake shaka ilikuwa mwanzo wa kazi, na kwangu ilikuwa mwisho. Na kwa nini niliishia pale? Si kwa sababu ushahidi ulitosha. Niliishia pale kwa sababu jibu lile lilikuwa rahisi kwangu: fedha ya betri ilitoka mfukoni mwa mwingine, na lawama ilimwendea mwingine. Kama ushahidi ule ule ungalinielekea mimi, ningaliutafutia mita siku ile ile. Hapo ndipo hatia ilipo.

Mtu ataniambia kwamba maisha hayana nafasi ya kupima kila jambo. Ni kweli. Mama akisikia harufu ya ugali unaoungua hakai kufanya uchunguzi, huepua sufuria. Lakini yatupasa uzito wa kupima ulingane na uzito wa hukumu. Nikitaka kubadili balbu, shaka yatosha. Nikitaka kumnyima mtu mshahara, kazi, na jina lake mbele ya wazee, nusu saa chini ya mwembe si gharama kubwa. Nikodemo, alipowakumbusha wenzake kwamba sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikia, hakudai kitu kigumu. Nami nilimsikia kijana kwa masikio tu; sikwenda hata usiku mmoja kuitazama ile taa.

Alternata ilitengenezwa siku hiyo hiyo, na gari halijasukumwa tena. La kijana halikutengenezeka upesi hivyo. Fedha nilimrudishia yote, mikononi mwake, mama yake akiwapo. Kisha nikaona kwamba fedha hulipa betri tu, hailipi jina. Kwa kuwa nilimshtaki barazani, ilinipasa kumsafisha papo hapo barazani, mbele ya wazee wale wale na mjomba wake. Nikasimama nikasema, "Nilisema uongo juu ya kijana huyu. Sikujua kuwa ni uongo, kwa sababu sikutaka taabu ya kujua." Nawaambieni, kusukuma gari kilimani ni kazi nyepesi kuliko maneno hayo.

Kijana alinijibu, "Nimekusikia, Mwalimu." Nilimwomba arudi kazini, hakurudi, amepata kazi kwingine. Tukikutana hunisalimu kwa adabu, "Shikamoo," nami naitikia. Hasemi zaidi, wala sina haki ya kumdai zaidi.

Basi, ndugu zangu, katika nyumba zetu na kazi zetu mna mambo mengi yanayolala usiku bila sababu kuonekana. Fedha ya kikundi yapungua, mtoto ashindwa shuleni, sahani haionekani jikoni, na mara jina la mtu latujia mdomoni. Kabla hatujalitamka, na tujiulize lile swali la fundi: tumepima, au tumeshuku? Na kama tumekwisha kulitamka jina la mtu kwa kosa, tusingoje litakate lenyewe. Turudi pale pale tulipolitamka, tulisafishe kwa sauti ile ile.