Jumatano: Mkono wa Kushoto Mezani pa Fundi

Soma Waamuzi 3:12-30 na 20:16. Kwa nini Biblia inataja mkono wa Ehudi? Wale Wabenyamini 700 wanapimwa kwa kipimo gani?

Samaki aina ya trauti waliletwa katika mito ya milimani nchini Kenya mwaka 1905. Leo kufunga chambo bandia ni riziki ya mafundi wengi nchini humo. Chambo hicho ni mfano wa mdudu, yaani manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo. Fundi huibana ndoana kwenye jiliwa, tundu lake likielekea kulia. Kisha huzungusha uzi kwa mkono wa kulia, akiupitisha juu ya ndoana na kuupeleka mbali naye. Sasa mtoto anayetumia mkono wa kushoto anaketi ajifunze. Je, tubadilishe mkono wa mtoto, au tubadilishe namna ya kumfundisha?

Wako wanaosema, kwa nia njema, kwamba heri ageuzwe mapema, kwa kuwa vifaa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya wanaotumia mkono wa kulia. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya lililo sahihi na lililozoeleka. Uzi uliolegea ni kosa, kwa maana manyoya yatachomoka majini. Uzi uliozungushwa kuelekea upande mwingine si kosa. Samaki hajui mkono uliouzungusha.

Ehudi alitoka katika kabila la Benyamini, jina lenye maana ya mwana wa mkono wa kuume (Mwanzo 35:18). Kiebrania kinamweleza kama mtu aliyefungwa mkono huo wa kuume. Hata hivyo, Mungu hakungoja ufunguliwe ndipo amtumie kuwaokoa watu Wake. Nao wale 700 wanatajwa kwa sababu walipiga shabaha nyembamba kama unywele bila kukosa. Ni kweli kwamba katika vita vile walisimama upande uliokosea. Ustadi wa mkono wowote hauwezi kuchukua nafasi ya moyo mnyofu. Na je, mbuzi wa Mathayo 25:33 hawakuwekwa mkono wa kushoto? Ndiyo, lakini soma mpaka mwisho wa sura: walihukumiwa kwa sababu hawakumhudumia mwenye njaa na mgonjwa.

Upo pia upole wa uongo, wa mwalimu anayesema, “Huyu ni wa shoto, mwacheni,” kisha anapokea kazi mbovu. Huko ni kumkatia mtoto tamaa kwa maneno laini. Kipimo kibaki kile kile. Njia ya kukifikia ndiyo ibadilike. Jiliwa ligeuzwe, tundu la ndoana lielekee kushoto. Mwalimu naye aondoke kando ya mtoto, aketi upande wa pili wa meza. Hapo mkono wa kulia wa mwalimu unaelekeana na wa kushoto wa mtoto, kama mtu ajitazamapo kwenye kioo, naye mtoto anaweza kufuata kila mzunguko.

Angalia ni nani aliyehama. Ni yule anayejua na mwenye uwezo, wala si mdogo anayehangaika. Ndivyo alivyofanya Kristo (Wafilipi 2:5-8). Hakutuita tupande kwanza mahali alipokuwa; alishuka akaja upande wetu, bila kuishusha sheria ya Baba Yake.

Mtoto huyo huyo anaweza kufundishwa kumpa mzee kitu kwa mkono wa kulia, kwa sababu ndiyo heshima ya jamii yake, na heshima ni tunda la upendo. Lakini asiambiwe kamwe kwamba mkono aliopewa na Muumba ni mbaya.

Tafakari: Je, nyumbani au kanisani kwako yuko mtu anayelaumiwa kwa kuwa tofauti tu, wala si kwa kukosea? Wewe unapaswa kuhamia upande upi wa meza ili umsaidie?