Mwenyeji ndiye mwenye jembe

Likizo inapokaribia, shule nyingi za Kikatoliki huwatuma wanafunzi wao parokiani kutoa huduma. Basi linasimama mbele ya kanisa, vijana wanashuka na mabegi yao, paroko anawapokea. Watakaa siku kadhaa, wafundishe watoto wa shule ya parokia, wawatembelee wagonjwa, wasali na jumuiya. Naipenda desturi hii kwa moyo wote, ndiyo maana leo nina ombi kwa wanaoiandaa.

Mnamo Aprili 20, 1968, padre Ivan Illich alizungumza na wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa na mpango wa kwenda kusaidia vijiji vya Mexico. Hakuwapongeza. Aliwaambia kwamba nia njema peke yake haifai kitu, kwamba hata lugha ya watu wale hawakuijua vya kutosha kuelewa walivyoonekana machoni pao. Njooni mtembee, njooni mjifunze, lakini msije kusaidia. Huo ndio uliokuwa ujumbe wake. Naye hakusema kwa kubahatisha, maana aliwahi kuhudumu katika parokia ya wahamiaji kutoka Puerto Rico jijini New York.

Illich aliuona ugonjwa sawasawa. Dawa yake ndiyo siikubali. Kijana akizuiwa kusaidia kabisa, huruma atajifunzia wapi? Wahenga wetu walikwisha kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo huwa tunamwambia mgeni mvivu, lakini inamhusu mwenyeji pia, kwa sababu jembe linatoka mkononi mwake. Yeye ndiye ajuaye magugu yameota wapi.

Katika shule moja ya parokia niliyowahi kuitembelea, msichana wa Kidato cha Tatu alifika na kadi za rangi alizozitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kufundishia Kiingereza. Sista mwalimu mkuu alizitazama, akazisifu, kisha akamwomba aanzie jikoni. Ilikuwa saa nne, uji uko tayari, watoto wamepanga foleni na vikombe vya plastiki. Mama mpishi akampa upawa.

“Huyo wa sweta ya kijani akae hapa anywe nikimwona, mwanangu,” akamwambia kwa sauti ya chini. “Ukimwachia aende nao, ataumimina kwenye chupa ampelekee mdogo wake nyumbani, yeye ashinde na njaa. Wa mdogo wake nimeshautenga.”

Msichana akamwita yule mtoto, akamketisha kando yake. Hakuna kadi ambayo ingemfundisha jambo lile, wala hakuna ripoti ya shule ambayo ingeliandika. Kadi zake alizitumia baadaye, darasani, akiwa tayari anajua ni nani kati ya wale watoto hakulala na chakula tumboni.

Lipo jambo jingine linalonigusa zaidi. Tumezoea kudhani huduma hushuka kutoka kwa walio nacho. Kibera, Nairobi, kuna Shule ya Sekondari ya St. Aloysius Gonzaga, iliyoanzishwa na Wajesuiti kwa ajili ya vijana waliofiwa na wazazi kwa Ukimwi. Wahitimu wake hutoa huduma kwa jamii kwa miezi sita kabla ya kuendelea na chuo. Vijana hao wangekuwa na kila sababu ya kusema zamu yao ni ya kupokea tu. Jina la shule yao nalo limechaguliwa vema: Aloysius alikuwa mwana wa ukoo wa kitawala aliyeacha urithi, akawahudumia wagonjwa wa tauni mjini Roma akiwa bado mwanafunzi, na ugonjwa huo ukamuua mwaka 1591 akiwa na umri wa miaka 23.

Basi ninyi walimu na mapadre mnaopanga safari hizi, kabla ya kukodi basi, ulizeni. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamezifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa nguzo ya Kanisa letu, na huko ndiko inakojulikana nyumba yenye mgonjwa asiye na wa kumfulia na mtoto aliyeacha shule juzi. Mwenyekiti wa jumuiya, katekista na mama wa jikoni ndio wapange kazi. Wakisema rangi ya darasa ingali nzuri ila choo kimejaa, fedha za rangi ziende chooni. Rudini parokia ileile mwaka unaofuata, na vijana wa parokia hiyo wawe bega kwa bega na wageni katika kila kazi, siyo kusimama pembeni wakisaidiwa. Nawe mzazi, mtoto akirudi nyumbani usimuulize tu amesaidia watu wangapi. Muulize kazi yake alipangiwa na nani.