Mgeni Aliyepewa Jembe

Pwani ya Kenya tunamwita kurabu. Ni kunguru mwembamba, mweusi, mwenye shingo ya kijivu, na hana haja ya kutafutwa. Kwa miaka miwili sasa, asubuhi za Jumamosi, nimekuwa nikizunguka Mombasa na darubini na daftari, kutoka Tudor hadi kwenye mikoko ya Mikindani, nikihesabu ndege. Kurabu huwa wa kwanza kuandikwa na wa mwisho pia. Chozi na mnana lazima uwasubiri. Kunguru wetu wa zamani, yule mwenye kifua cheupe, unaweza kumsubiri hadi jua likuchome na asitokee.

Mnamo Juni 2024, shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaua kurabu milioni moja kabla mwaka haujaisha. Sababu zake zinaeleweka: ndege huyu hula mayai na makinda ya wenzake, hunyakua vifaranga, na huwasumbua wageni wa hoteli hadi mezani. Silaha iliyotajwa ni sumu. Nayo haiui papo hapo. Ndege hula chambo, huruka, kisha hufa saa kadhaa baadaye, mbali na macho ya aliyemtegea.

Je, ni haki?

Jirani yangu anayefuga kuku haoni swali lolote hapo. "Wewe mwanangu wahesabu ndege," aliniambia, "mimi nahesabu vifaranga." Mwenzangu wa darasani naye huona uonevu mtupu: ndege amezaliwa hapa, na wazazi wake wamezaliwa hapa, ataitwa mgeni hadi lini? Katika mji ambao kila uchaguzi huamsha maneno kuhusu nani mwenyeji na nani mtu wa kuja, swali hilo halihusu ndege peke yao.

Kwa hiyo nianze na neno linalotumika sana, "mvamizi". Mvamizi huja kwa nia yake. Kurabu aliletwa. Miaka ya 1890 alisafirishwa kutoka Bara Hindi hadi Unguja ili ale taka za mji; kufikia 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikabidhiwa jembe siku ya kwanza, na hajaliweka chini hadi leo. Kumhukumu kwa kuwa mgeni ni kumbebesha kosa la waliomwita.

Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kuwa na kinga. Kinda la mnana halina hatia pia, na halina mahali pa kukimbilia. Nikisema kurabu asiguswe kwa sababu hakukusudia ubaya, nimeshachagua nani afe. Tofauti ni kwamba mkono wangu hauonekani. Hapa ninasimama na jirani yangu, si na mwenzangu wa darasani.

Ila tukikubali kwamba anayeuawa hana kosa, mauaji yake hayawezi kuitwa adhabu. Kinachobaki kuyatetea ni faida yake tu: je, yatawaokoa kweli wale wengine? Na faida hiyo haiko ndani ya chupa ya sumu. Kurabu ni wengi kwa sababu tunawalisha. Majaa yaliyo wazi, matumbo ya samaki yanayotupwa ufukweni, makombo nyuma ya vibanda vya chakula: hiyo ndiyo sinia yao. Ukiua nusu yao na kuiacha sinia ilivyo, waliosalia watashiba zaidi na kuzaa zaidi, nasi tutarudi na chambo kingine. Hapo kifo cha yule wa kwanza kitakuwa hakikumwokoa yeyote.

Ndiyo maana naikubali sumu kwa sharti moja: anayeua awe pia anasafisha. Si kwa ajili ya usafi pekee, bali kwa sababu jaa lililofunikwa ndilo linalogeuza kifo hicho kuwa njia ya kumwokoa mnana badala ya desturi ya kila mwaka. Tumetangaziwa idadi ya ndege watakaokufa. Nasubiri kutangaziwa, kwa sauti ile ile, idadi ya majaa yatakayofungwa, na tarehe.