Kofia za Sungura



Tunafuma kofia zenye masikio ya Sungura, yule wa hadithi, kwa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya majuma 37. Mama humbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini kichwa hubaki nje kikipoteza joto. Za kwanza tulizitia macho ya vifungo. Muuguzi alizirudisha, maana kifungo hung'oka. Alikuwa na haki.

Kisha mtoto mmoja akafariki, na mama yake akaomba mwanawe azikwe na kofia yake. Baadhi yetu tulitaka kuacha. Tukasoma Matendo 9: Dorkasi amelala maiti, na wajane wanamwonyesha Petro, huku wakilia, nguo alizowashonea. Alhamisi tutafuma tena, baada ya sala ya jioni. Uzi upo.