Uongo kwa Mwongo: Je, Tapeli wa Mapenzi Achezewe Shere?

Utapeli wa mapenzi kwa barua pepe ni ulaghai ambamo mtu hujitwalia jina, picha na wasifu usio wake, humwandikia asiyemjua maneno ya mahaba kwa wiki au miezi kadhaa, kisha, moyo wa mwandikiwa ukishatekwa, huanza kuomba fedha kwa dharura ya kubuni: ada ya hospitali, nauli ya ndege, au ushuru wa forodha wa sanduku la zawadi ambalo halipo. Dhidi ya ulaghai huu limezuka zoea linalostahili kuzingatiwa na wanafalsafa na wanateolojia kuliko linavyozingatiwa sasa, nalo ni la mtu aliyeitambua hila mapema lakini, badala ya kuifuta barua, akaijibu kwa makusudi, akajifanya amenasa, na akamzungusha tapeli kwa ahadi na visingizio vya kuchekesha mpaka tapeli achoke mwenyewe. Watetezi wa zoea hili huegemea methali isemayo kuwa dawa ya moto ni moto. Linalobaki kuulizwa ni kama methali hiyo, ambayo kwa hakika ni shauri la mbinu tu, inaweza pia kuwa hoja ya maadili.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba barua ya namna hiyo imemfikia mwalimu mstaafu wa Kishushe, eneo la Wundanyi katika Kaunti ya Taita Taveta, linalopakana na Tsavo Magharibi na kujulikana kwa madini yake ya chuma pamoja na mivutano ya muda mrefu kuhusu nani anufaike nayo. Mwandishi wa barua anajitambulisha kuwa daktari wa jeshi la Marekani, mjane, mcha Mungu, na anaomba dola 800 ili sanduku lake liachiliwe bandarini Mombasa. Mwalimu anajibu kwa mapenzi tele kwamba fedha zipo, ila bado zimo ndani ya mawe ya chuma, na anaomba kufahamishwa kama forodha hupokea malipo kwa tani. Barua inayofuata inaeleza kwamba tembo wametoka mbugani na kuziba njia. Inayofuata hiyo, kwamba shangazi mwenye ufunguo wa ghala amekwenda matangani Mgange na haijulikani atarudi lini. Daktari, ambaye hadi jana alikuwa akililia penzi, sasa anauliza uzito wa mawe. Msomaji yeyote atacheka, na si kwa ubaya, kwa kuwa tamaa imejivua nguo yenyewe bila kuvuliwa. Hata hivyo, mwalimu amesema uongo mara tatu.

Hakuna mwanateolojia wa kale aliyelikaribia suala hili kama Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini, ambaye yapata mwaka 420 alimjibu Consentius katika kitabu kiitwacho Contra Mendacium, yaani Dhidi ya Uongo. Walikuwapo wafuasi wa Prisilliani walioficha imani yao kwa kusema uongo, na Consentius alitaka kujua kama Mkristo angeweza kujifanya mmoja wao ili awafichue. Augustino alikataa kabisa, kwa hoja kwamba uongo wa mwenzio haukupi kibali cha kuutumia wako. Awali, katika kitabu chake De Mendacio, alikuwa ameuweka utani nje ya hesabu ya uongo, kwa sababu sauti na hali ya msemaji huonyesha wazi kwamba hakusudii kuaminiwa. Wanaofurahia kumzungusha tapeli wangependa kujificha chini ya kivuli hicho, lakini kivuli hakiwafikii. Barua pepe haina sauti, na mzaha huu hauwezi kuendelea pasipo tapeli kuuamini kwa dhati. Kwa marafiki wanaosomewa barua hizo jioni ni utani. Kwa anayeandikiwa ni uongo kamili. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikuwa mkali zaidi kwa kuuhesabu hata uongo wa mzaha kuwa dhambi, ijapokuwa dhambi nyepesi.

Katika Uislamu mjadala una milango zaidi. Hadithi mashuhuri huruhusu hila vitani, na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake Ihya kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio, hivyo kwamba uongo ni haramu pale ambapo lengo jema laweza kufikiwa kwa ukweli, na huweza kuruhusiwa pale ambapo haliwezi kufikiwa vinginevyo. Anayemzungusha tapeli hudai kwamba yumo vitani, kwa kuwa kila saa inayopotezwa Kishushe ni saa iliyookolewa kwa mjane wa kweli kwingineko. Dai hili lina uzito, lakini halimalizi neno. Katika mikusanyo ya Abu Daud na Tirmidhi imo hadithi inayomtaka mtu asimfanyie hiana aliyemfanyia hiana, na imo nyingine inayomwonya vikali anayesema uongo ili watu wacheke. Ni vigumu kupata maonyo mawili yanayomlenga mhusika wetu kwa usahihi zaidi ya hayo, kwani anachotenda ni mambo yote mawili kwa pamoja.

Dhidi ya ukali huo wote husimama Abunuwasi, ambaye ngano za Waswahili humsifu bila haya. Alipoazima sufuria na kuirudisha pamoja na nyingine ndogo, akisema kwamba ile kubwa imezaa, jirani alipokea kwa furaha. Alipoazima tena na kurudi na habari kwamba sufuria imekufa, jirani hakuwa na la kusema. Hekima ya ngano hiyo ni kwamba aliyeukubali upuuzi ulipomletea faida amejifunga kuukubali unapomletea hasara. Tapeli aliyesadiki kwamba mapenzi yaweza kupimwa kwa dola hana haki ya kulalamika yakianza kupimwa kwa tani. Lakini ngano huisha sufuria inapokufa: Abunuwasi hamfuati jirani nyumbani kila siku kumletea habari za mazishi.

Hapo ndipo fikra za Wataita wenyewe zinapotoa kipimo ambacho Augustino na Ghazali hawakukitoa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwamba dini ya jadi ya Wataita, iitwayo Wutasi, iliuzunguka moyo wenye hasira. Hasira iliyofichwa, hata ile ya haki, iliaminika kuweza kuleta maradhi na mikosi, pengine bila mwenye nayo kukusudia. Tiba yake ilikuwa kutasa, tendo ambamo mhusika huchukua funda la pombe au la maji ya miwa, akalipuliza nje ya kinywa huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira na kuomba heri. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika tendo hilo kosa la mkosaji halikanushwi wala haki ya mwenye hasira haipunguzwi. Kinachokataliwa ni hasira kubaki ndani.

Kwa kipimo hiki, swali linahama kutoka kwa tapeli na kustahili kwake, likamwelekea anayejibu. Barua ya mawe ya chuma yaweza kuwa kutasa kwa namna yake: dharau ya kudhaniwa mjinga imetoka kinywani kwa kicheko, na mtu akalala usingizi. Lakini aliyefika barua ya arobaini, anayeamka usiku kutazama kama amejibiwa, hajatema kitu, bali anaifuga hasira na kuilisha. Wapo waliofika mbali zaidi. Mwaka 2008 kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, kilisimulia jinsi wachekeshaji wa aina hii walivyomhadaa Mnigeria mmoja mpaka akasafiri hadi Abéché, mashariki mwa Chad, karibu na Darfur iliyokuwa vitani. Kicheko kinachohitaji mwili wa mwingine uwe hatarini hakina tena dai la kuitwa utani, hata kama aliyesafiri alikuwa mwizi.

Aidha, si hakika tena kwamba aliye upande wa pili ni mwizi kwa hiari yake. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, ukiwamo huu wa mapenzi. Vijana wa Kenya wamo katika mkasa huo: walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta ng'ambo ya mpaka, wamenyang'anywa pasipoti, wakipigwa wasipofikisha kiwango cha fedha walichowekewa, na Serikali ya Kenya imekuwa ikiwarejesha nyumbani kwa awamu tangu mwaka 2022. Daktari wa jeshi anayeuliza uzito wa mawe ya Kishushe anaweza kuwa, kwa kweli, kijana wa Voi. Augustino hakuwahi kuulizwa kuhusu mwongo aliyefungwa, na yule anayemzungusha kwa wiki sita hana njia ya kujua kama saa anazozipoteza zinahesabiwa kwa fedha za bosi au kwa mgongo wa mtumwa wake.

Inafuata, basi, kwamba jibu moja au mawili ya kuchekesha, yasiyochukua fedha ya mtu, yasiyomtuma mtu popote na yasiyotumia jina wala picha ya mtu mwingine, yanaweza kuvumiliwa hata na msomaji mkali, na yanayozidi hapo yanahitaji utetezi ambao bado haujatolewa. Na ikitokea kwamba mwandishi wa mbali ameacha ghafla habari za mapenzi na kuandika kwamba amefungiwa na anaomba msaada, msomaji anasihiwa asiichukulie barua hiyo kuwa hila nyingine ya kuchekwa: asitume fedha, lakini aifikishe polisi au katika Wizara ya Mambo ya Nje siku hiyohiyo.