Jina Kubwa kwa Deni la Riba



Kila inapokaribia mitihani ya mwisho, barazani kwa msikiti wa chuo huulizwa swali moja: ukimaliza, unakwenda wapi? Zamani majibu yalikuwa ualimu, benki, au shirika la misaada kwa wakimbizi. Siku hizi wenzetu wa biashara na uchumi wana jibu jingine: "Naomba MBA." Wengine wanataja Strathmore ya Nairobi, wenye ndoto ndefu wanataja INSEAD ya Ufaransa au Harvard ya Marekani. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, hesabu za kampuni sizijui. Lakini swali wanaloniletea ni la kwetu: je, inafaa Muislamu akope kwa riba ili asome katika shule hizo?

Tuanze na bei. Shule ya biashara ya Harvard ilianzishwa 1908, na MBA yake ni ya miaka miwili. Ada ya masomo peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka. Ukiongeza chumba, chakula na bima, mwaka mmoja unapita dola 110,000. Zidisha mara mbili, kisha geuza iwe shilingi zetu. Ni mamia ya mamilioni. Ziko kampuni zinazomkopesha mwanafunzi wa kigeni pesa hizo bila mdhamini wala dhamana ya ardhi, kwa riba, na wengi huingia kwa mlango huo.

Elimu yenyewe sina ugomvi nayo. Harvard hufundisha kwa visa: mwanafunzi hupewa habari za kampuni iliyobanwa na tatizo, akazisoma usiku, kesho yake darasani wakabishana kana kwamba wao ndio wakurugenzi. Sisi wa fiqhi hatuwezi kuicheka njia hiyo, kwani mufti naye huletewa jambo lililotokea akaambiwa atoe jibu. Na dini yetu haijawahi kuona haya kwa biashara. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Umar (R.A.) naye hakutaka mtu auze katika soko la Madina bila kuifahamu dini. Kwa hiyo anayesema kwamba kusoma biashara ni kupenda dunia tu, sikubaliani naye. Hata kujifunza jinsi riba inavyohesabiwa si kula riba. Utaikwepa vipi usiyoijua?

Ila tusidhani kwamba jina la shule linamtengeneza mtu. Jeffrey Skilling wa kampuni ya Enron, aliyefungwa kwa udanganyifu, alikuwa na MBA ya Harvard. Mwaka 2009, baada ya mabenki kuporomoka, wanafunzi wa shule hiyo hiyo walitunga kiapo cha kufanya biashara kwa uaminifu. Ni jambo zuri, ingawa mfanyabiashara wa Koboko angeshangaa kusikia kwamba hilo linahitaji kiapo. Huko mpakani mtu huchukua mzigo kwa mdomo, anavuka nao Oraba kwenda Kaya upande wa Sudan Kusini, anarudi baada ya wiki na kulipa. Asiporudi, wiki ya pili hakuna wa kumpa hata gunia moja la simsim.

Hapa Koboko ndipo swali lilipoacha kuwa la barazani. Kaka yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, alipata nafasi katika shule kubwa ya nje. Shule ilikubali kulipa karibu nusu. Iliyobaki, akaletewa karatasi za mkopo wa riba. Baba yake, Haji, alikuwa tayari kuuza kiwanja, lakini bei ya kiwanja haikufika hata robo. Siku niliyokwenda kuwasalimu, kaka akanisukumia karatasi zile mezani.

"Wewe ndiye sheikh wa ukoo," akasema. "Sema haraka, halali au haramu?"

"Mimi bado mwanafunzi, kaka. Lakini hiyo ni riba, na wewe unajua ni riba."

"Najua. Nauliza kama ni dharura."

Haji alinyamaza, akahesabu tasbihi yake.

Swali lake lilikuwa halali kuulizwa. Wanachuoni wana kanuni kwamba hitaji kubwa huweza kupewa hukumu ya dharura. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitumia kanuni hiyo kuwaruhusu Waislamu wa Ulaya, kwa masharti, kununua nyumba ya kuishi kwa mkopo wa benki wakikosa njia nyingine. Wanachuoni wengi waliipinga fatwa ile. Na hata ukiikubali, ilizungumzia paa la kulala watoto. MBA ya jina kubwa si paa. Kaka ana shahada, ana kazi, na MUBS, ile shule ya biashara ya Makerere iliyoanzishwa 1997, ina tawi hapa hapa Arua. Mlango wa elimu haujafungwa. Uliofungwa ni mlango wa jina. Sioni vipi jina liwe dharura, nasi tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimlaani mlaji wa riba, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake.

Wako watakaosema: Uganda ilifungua sheria ya benki za Kiislamu 2016, Salaam Bank ikapata leseni 2023, sasa nani atazifanyia kazi ikiwa Waislamu wanaogopa shule kubwa? Hoja ina uzito, na kaka mwenyewe aliitoa. Lakini tazameni deni linavyofanya kazi. Mwenye kudaiwa dola elfu sitini, na riba inapanda kila mwezi, hatarudi kufanya kazi katika benki changa ya Kampala, sembuse Koboko. Atakwenda kwa anayelipa zaidi, na mara nyingi huyo ni yule yule anayeuza riba. Nia ya kurudi atakuwa nayo, simtuhumu. Ila deni litakuwa limeshamchagulia kazi kabla hajavaa joho. Hili ndilo ningependa kila anayejaza fomu alijue kuliko alama za GMAT.

Deni lenyewe, hata lisilo na riba, si jambo dogo. Mtume (S.A.W.) aliletewa jenazah ya mtu aliyekuwa akidaiwa dinari mbili, au tatu katika riwaya nyingine, akawaambia masahaba wamswalie wao. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni.

Kuna na insha ya maombi, ambayo hutaka ujisifu. Wenzetu wengi huona haya hapo, au huruka upande wa pili na kumlipa mtu awaandikie. Nimesikia hata kijana wa mjini Arua akishauriwa ajiandike kama mtoto wa kambini Bidi Bidi, ati machozi yanapata nafasi. Huo ni uongo, na ni wizi wa shida za wenye shida. Someni kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kama waombaji. Alimwambia mfalme wazi kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na mjuzi, awekwe juu ya hazina. Alijisifu kwa kweli, kwa kazi aliyoiweza. Lakini kabla ya hapo alikataa kutoka gerezani mpaka jina lake lisafishwe. Alipofika mbele ya mfalme hakuwa na mtu wa kumshika shati.

Anayetaka kuomba, basi aanze na mlipaji kabla ya jina. Misaada ya Harvard hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na mwaka 2022 shule ilitangaza kuwalipia ada yote wenye uhitaji mkubwa zaidi, kama asilimia 10 ya wanafunzi wake wa MBA. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ambayo Uganda ni mwanachama wake, ina ufadhili wa masomo, na masharti yake yasomwe mapema. Ukoo pia unaweza kukopesha bila riba, kwa maandishi na mashahidi, kama Qur'ani ilivyoagiza.

Kaka ameiandikia shule akiomba msaada uongezwe, au nafasi yake isogezwe mwaka mmoja. Karatasi za mkopo hajazitia sahihi. Haji bado hajauza kiwanja.